Sanamu ya Askari wa Dar es Salaam: Tujifunze Kusoma Ukumbusho



Ukifika Dar es Salaam, ukashuka Posta na kutembea kidogo kwenye barabara ya Samora, utaiona sanamu ya askari. Imesimama juu ya jukwaa la mawe, katikati ya kipilefti. Askari huyo ni Mwafrika. Amevaa sare ya vita na ameshika bunduki yenye singe. Singe yake imeelekea bandarini. Magari yanamzunguka mchana na usiku. Watu wakitaka kukutana mjini husema, "Nisubiri pale Askari." Wengi wanaijua sanamu hiyo, lakini wachache huuliza: Huyu ni askari gani? Nani alimweka pale? Na kwa nini?

Katika somo hili tutauliza maswali hayo. Sisi tuliosoma kisomo cha watu wazima tunajua kusoma barua, gazeti na stakabadhi ya mazao. Lakini kuna vitu vingine pia vinavyosomwa. Sanamu ya ukumbusho ni mojawapo. Inasema jambo, na mara nyingi kuna jambo jingine inalinyamazia. Msomaji mzuri husikia yote mawili.

SANAMU YA UKUMBUSHO NI NINI?

Sanamu ni umbo la mtu, mnyama au kitu. Hutengenezwa kwa mti, udongo, jiwe au madini. Sanamu ya ukumbusho ni ile inayowekwa mahali pa watu wote, ili watu wakumbuke mtu fulani au tukio fulani.

Lakini sanamu haijiweki yenyewe. Kuna aliyetoa amri iwekwe. Kuna aliyetoa fedha. Kuna aliyechagua nani asimame juu na nani asionekane. Kwa hiyo, ukiona sanamu ya ukumbusho, jiulize maswali manne:

1. Nani ameiweka?
2. Inamkumbuka nani?
3. Maandishi yake yanasema nini?
4. Nani hayumo?

Tuyashike maswali hayo. Tutayatumia hadi mwisho wa somo.

SANAMU ILIYOTANGULIA

Kabla ya askari huyu, mji wa Dar es Salaam ulikuwa na sanamu nyingine. Iliwekwa na Wajerumani mwaka 1909. Ilikuwa sanamu ya Hermann von Wissmann.

Huyu Wissmann alikuwa nani? Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri wa Pangani na Bwana Heri wa Saadani, waliinuka kuwapinga Wajerumani. Mwaka 1889 serikali ya Ujerumani ikamtuma Wissmann aje awazime. Alileta askari wa kukodi, wengi wao Wasudani, na wengine kutoka Msumbiji. Abushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka 1889. Baadaye Wissmann alikuwa gavana, mwaka 1895 hadi 1896.

Sasa tuitazame sanamu yake. Wissmann mwenyewe alisimama juu. Chini yake alikuwepo askari Mwafrika. Askari huyo alikuwa akimtazama bwana wake huku akiishusha bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyekufa. Hata mtu asiyejua herufi moja angeielewa sanamu hiyo. Mzungu yuko juu, Mwafrika yuko chini, na simba amelala. Tena, iliwekwa miaka miwili tu baada ya vita vya Maji Maji kwisha, wakati vijiji vya kusini vilikuwa bado havijapona njaa na misiba.

Mwaka 1916 Waingereza waliuteka mji. Wakaing'oa sanamu ya Wissmann, wakaipeleka kwao kama ngawira ya vita. Baadaye Wajerumani walirudishiwa. Mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Ikakaa hapo miaka mingi. Mwaka 1967 wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha, kwa sababu hawakutaka kumheshimu mtu aliyetumikia ukoloni. Ikasimamishwa tena. Mwaka 1968 wakaiangusha mara ya pili, na haikurudi tena. Ikawekwa stoo.

Mnaona, ndugu zangu? Sanamu ya shaba ni nzito, lakini mawazo ya watu yakibadilika, nayo huanguka.

VITA VYA WAZUNGU KATIKA NCHI YETU

Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza Ulaya mwaka 1914. Wakati huo Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Wajerumani. Kenya na Uganda zilikuwa chini ya Waingereza. Wakubwa walipogombana kwao, ugomvi ukaletwa huku kwetu.

Mwezi Novemba mwaka 1914 Waingereza walijaribu kuiteka Tanga, wakashindwa. Mwezi Septemba mwaka 1916 waliingia Dar es Salaam. Lakini jeshi la Wajerumani, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, halikukubali kushindwa. Likawa linarudi nyuma na kupigana: kusini mwa Tanganyika, ndani ya Msumbiji, hadi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Lilisalimu amri tarehe 25 Novemba 1918. Ulaya vita vilikuwa vimekwisha wiki mbili nyuma.

Nani walipigana? Maofisa walikuwa Wazungu. Waingereza walileta pia Wahindi na watu wa Afrika Kusini. Lakini kadiri vita vilivyoendelea, wapiganaji wengi walikuwa Waafrika. Upande wa Wajerumani walikuwepo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema na wengine wengi. Upande wa Waingereza walikuwepo askari wa King's African Rifles, ambao watu waliwaita Keya. Hao walitoka Nyasa, Kenya na Uganda. Wengine walitoka Nigeria na Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Tena wako askari waliotekwa wakiwa wa Mjerumani, wakavalishwa sare ya Mwingereza, wakarudi vitani.

Basi, Mwafrika alimpiga risasi Mwafrika mwenzake ili ipatikane hukumu ya Mzungu yupi atutawale.

MIGUU NA MIKONO YA JESHI

Sasa tufike kwa watu ambao habari zao hazisimuliwi sana. Hao ni wapagazi.

Jeshi haliwezi kwenda bila chakula, risasi, mahema na dawa. Reli zilikuwa mbili tu: ya Tanga na Moshi, na ya Dar es Salaam na Kigoma. Malori yalikwama kwenye matope. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliuawa na mbung'o. Ikabaki njia moja tu: kichwa cha binadamu.

Tupige hesabu kidogo. Chukua kalamu na karatasi. Tuseme mpagazi mmoja anabeba kilo 25 za unga. Yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 10, atakuwa amekula kilo 10. Kurudi atahitaji kilo 10 nyingine. Je, askari walio mbele watapata kilo ngapi? Watapata kilo 5 tu. Ndiyo maana askari mmoja alihitaji wapagazi wengi nyuma yake. Na kila jeshi lilipozidi kwenda mbali na reli, ndipo walipotakiwa watu zaidi.

Watu hao walipatikanaje? Mwanzoni wengine walikwenda kwa mshahara. Baadaye majumbe na machifu walitakiwa watoe idadi ya wanaume. Wengine walikamatwa usiku nyumbani kwao. Wengine walikamatwa njiani au shambani. Upande wa Waingereza peke yake walitumika wapagazi kiasi cha milioni moja. Wajerumani nao waliwachukua watu kila walikopita, tena mara nyingi bila malipo.

Wapagazi wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, vichomi na njaa. Watu waliozoea kula ndizi au viazi walipewa unga usioiva vizuri, matumbo yakaharibika. Watu wa nchi za joto walipelekwa milimani bila blanketi. Wataalamu wa historia wanakadiria kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walizidi 90,000. Wengine wanasema walipita laki moja. Hao ni wengi kuliko askari waliokufa kwa silaha katika vita hivyo hapa kwetu.

Na waliobaki nyumbani je? Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka na mifugo. Wanaume hawakuwepo kulima. Mvua nazo zikakosekana. Katika nchi ya Ugogo iliingia njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Halafu, mwishoni mwa mwaka 1918, yakaja mafua makali yaliyoua watu duniani kote, yakawakuta watu wetu hawana nguvu.

TUISOME SANAMU YENYEWE

Baada ya vita Waingereza walitawala Tanganyika. Wakataka kuweka ukumbusho. Sanamu ya Askari ilizinduliwa mwaka 1927. Aliyeitengeneza ni mchongaji Mwingereza, James Alexander Stevenson. Kazi zake alizitia saini kwa jina la Myrander. Ilitengenezwa Uingereza kwa shaba iliyochanganywa na bati, ikaletwa kwa meli. Mchongaji huyo huyo alitengeneza pia ukumbusho wa Nairobi, na Mombasa nayo ina wa kwake.

Turudi kwenye maswali yetu manne.

Swali la kwanza: Nani ameiweka? Ni serikali ya kikoloni ya Waingereza.

Swali la pili: Inamkumbuka nani? Hapa pana tofauti kubwa na sanamu ya Wissmann. Safari hii aliye juu ni Mwafrika. Hakuna gavana, hakuna jenerali. Ni askari wa kawaida. Kwa wakati ule, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini si askari wote. Ukumbusho huu ni wa wale waliomtumikia mfalme wa Uingereza. Mnyamwezi aliyekufa katika jeshi la Mjerumani hayumo, hata kama kaburi lake liko katika nchi hii hii.

Swali la tatu: Maandishi yanasema nini? Kwenye jukwaa kuna maandishi ya Kiingereza na ya Kiswahili. Kiswahili kimeandikwa mara mbili: kwa herufi za kirumi, na kwa herufi za Kiarabu ambazo watu wengi wa pwani walizisoma wakati ule. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Uingereza. Yanasema kwamba ukumbusho huu ni wa askari Waafrika waliopigana, na wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa watu wengine wote waliotumika na kufa. Mwisho yanatoa ahadi: anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake.

Swali la nne: Nani hayumo? Wapagazi wametajwa kwa maneno. Lakini umbo lao haliko juu ya jukwaa. Nairobi, mpagazi amesimama pamoja na askari. Dar es Salaam aliye juu ni mwenye bunduki peke yake, ingawa walikuwepo wapagazi wengi kwa kila bunduki moja.

JINA LIKO WAPI?

Haya, sasa tuiangalie ile ahadi. Zunguka jukwaa lote. Soma kila upande. Tafuta jina la askari mmoja tu, au la mpagazi mmoja. Hulipati. Ahadi ni ya majina, lakini majina yenyewe hayapo.

Kipling mwenyewe alijua uchungu wa jambo hili. Mwanawe, John, aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915, na mwili wake haukutambuliwa wakati ule. Lakini jina la kijana huyo liliandikwa. Lilichongwa kwenye ukuta wa ukumbusho huko Loos, Ufaransa, pamoja na majina mengine zaidi ya 20,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana.

Kwa nini ya wale yakaandikwa na ya hawa yasiandikwe? Waingereza walikuwa na chombo cha kutunza makaburi ya vita, kilichoanzishwa mwaka 1917. Siku hizi kinaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Kanuni yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, tajiri na maskini, ofisa na askari mdogo. Lakini katika Afrika Mashariki kanuni hiyo haikufuatwa. Wakubwa wa wakati ule waliandika kwamba Waafrika hawajali alama ya kaburi. Hawakuja kuuliza vijijini. Makaburi mengi ya askari na wapagazi yakaachwa yafunikwe na majani.

Mwezi Aprili mwaka 2021 tume hiyo yenyewe ilitoa ripoti. Ikakubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa kwa ajili ya Uingereza katika vita hivyo, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Tume iliomba radhi, na serikali ya Uingereza pia iliomba radhi bungeni. Tangu hapo majalada ya zamani yametafutwa, na huko Kenya yamepatikana maelfu ya majina. Ni miaka zaidi ya mia moja imepita. Mjane amekufa akingoja. Watoto nao wamekufa.

Na msidhani kukosa jina ni suala la heshima tu. Ni suala la haki pia. Mishahara ya wapagazi wengi waliokufa haikuwafikia warithi wao. Moja ya sababu ni kwamba majina yao yaliandikwa vibaya, au kijiji chao hakikuandikwa. Kwa hiyo mwenye kudai hakuonekana, na fedha zikabaki serikalini.

Sikilizeni na kisa hiki. Mwaka 1964 Bunge la Ujerumani Magharibi liliamua kuwalipa askari wazee waliopigana chini ya Lettow-Vorbeck. Ofisi ya malipo ikafunguliwa Mwanza. Wazee wakaja wengi, lakini wachache tu walikuwa na cheti. Wengine walileta vipande vya sare za zamani. Inasimuliwa kwamba mlipaji akabuni njia. Kila mzee alipewa ufagio aushike kama bunduki, akatolewa amri za kijeshi kwa Kijerumani. Hakuna aliyekosea. Baada ya miaka karibu 50 amri zilikuwa bado zimo mwilini.

Tunacheka, lakini tufikiri. Askari aliweza kuonyesha gwaride. Mpagazi angeonyesha nini? Angeonyesha shingo yake iliyobeba sanduku la risasi kutoka Kilosa hadi Ruvuma? Asiye na karatasi, wala jina kwenye daftari la mtu, huhesabiwa kama hakuwepo.

MJI UMEBADILIKA, ASKARI YUPO

Sanamu hii imeona mabadiliko mengi. Ilipowekwa, barabara yake iliitwa Acacia Avenue. Baada ya uhuru wa mwaka 1961 ikaitwa Independence Avenue. Baadaye ikapewa jina la Samora Machel, kiongozi aliyeikomboa Msumbiji.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 1967, Dar es Salaam haikufikia watu 300,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa huo ulikuwa na watu 5,383,728. Nyumba za ghorofa moja na mbili zimebomolewa, na maghorofa marefu ya vioo yamesimama mahali pake. Serikali yenyewe imehamia Dodoma. Bendera mbalimbali zimepepea katika mji huo, zikiwemo ya Mjerumani, ya Mwingereza na ya kwetu.

Wenyeji wa zamani wa mji waliiita sanamu hiyo "Bismini". Jina hilo ni masalio ya enzi ya Wajerumani. Mjerumani aliondoka, sanamu yake ikang'olewa, lakini jina likabaki mdomoni mwa watu, likamwangukia askari asiyehusika.

Je, baada ya uhuru sanamu hii nayo ingeondolewa? Hapa watu hawana kauli moja. Wako wanaosema: "Ni kitu cha mkoloni. Inasifu vita visivyo vyetu. Mahali pake awekwe shujaa aliyepigania uhuru." Wako wanaojibu: "Mfalme alishakwenda. Aliyebaki juu ni babu yetu. Tukimshusha, tutakuwa tumemtupa mara ya pili." Pande zote mbili zina hoja. Lakini wote wakubaliane juu ya jambo moja: sanamu ikibaki, habari yake isimuliwe kwa ukamilifu, pamoja na wale ambao hawamo.

Mfano mzuri uko Songea. Hapo pana Makumbusho ya Maji Maji, penye kaburi la pamoja la mashujaa zaidi ya 60 walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906. Majina yao yanajulikana na yameandikwa. Kila mwaka watu hukusanyika kuwakumbuka. Mtoto wa Songea anaweza kuweka kidole juu ya jina na kusema, "Huyu ni wa ukoo wetu."

KARIAKOO

Wapagazi nao wana ukumbusho wao Dar es Salaam, lakini si wa shaba wala wa jiwe.

Jeshi la wapagazi la Waingereza liliitwa Carrier Corps. Litamke haraka haraka, kwa ulimi wa Kiswahili. Umesikia? Kariakoo. Waingereza walipouteka mji, wapagazi waliwekwa kambi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko. Baada ya vita kambi ikaondoka, soko likaanza kazi, na jina likabaki. Nairobi pia kuna mtaa unaoitwa Kariokor, kwa sababu hiyo hiyo.

Jengo la zamani lilibomolewa. Katika miaka ya 1970 likajengwa soko kubwa lenye paa kama miavuli, lililochorwa na Beda Amuli, msanifu majengo Mtanzania. Mwezi Julai mwaka 2021 soko hilo liliungua moto, na kazi ya kulijenga upya ikafuata. Majengo yanakwenda na kuja, jina linabaki. Kila mkulima anayepeleka vitunguu, nyanya au ndizi Kariakoo, na kila hamali anayepakua gunia pale, huwataja wapagazi bila kujua.

Basi, askari alipewa shaba na mtawala. Mpagazi alipewa jina na watu. Lakini hata jina hilo ni la kundi. Halitwambii nani alitoka Kondoa, nani alitoka Songea, nani aliacha mke na watoto wangapi.

SISI TUFANYE NINI?

Kijiji hakina fedha za kununua sanamu ya shaba. Lakini daftari tunalo, na kalamu tunayo. Wazazi wa babu zetu hawakuandikwa kwa sababu aliyeshika kalamu hakuwajali. Leo kalamu iko mkononi mwetu. Tukikosa kuandika, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Darasa la kisomo linaweza kuanzisha Daftari la Kumbukumbu ya Kijiji. Fanyeni hivi:

1. Chagueni watu wawili wenye mwandiko unaosomeka.
2. Waendeeni wazee, mmoja mmoja. Msiwaharakishe. Nendeni na habari ya mazao na mvua kwanza, halafu ndipo muulize ya zamani.
3. Andikeni jina kamili, jina la baba, ukoo, na kijiji alichozaliwa. Majina ya kike yasisahauliwe. Wanawake walilima, walibeba mizigo, na walizika.
4. Andikeni alifanya nini: alikwenda vita gani, alichimba kisima kipi, alianzisha shule ipi, alikuwa mkunga wa watoto gani.
5. Mwaka usipojulikana, andikeni alama ya wakati: "mwaka wa njaa fulani", au "reli ilipofika".
6. Andikeni jina la aliyesimulia na tarehe mliyomsikiliza.
7. Someni maandishi yote mbele yake, asahihishe.
8. Fanyeni nakala mbili. Moja ikae ofisi ya kijiji, nyingine shuleni. Daftari moja huliwa na mchwa.

Wazee waliozaliwa wakati wa vita hivyo wameshatutoka. Waliobaki ni wale waliosikia kwa wazazi wao na babu zao. Kila mwaka wanapungua. Kazi hii haingoji mavuno yajayo.

MANENO YA KUJIFUNZA

Singe: kisu kinachofungwa kwenye mdomo wa bunduki.
Mpagazi: mtu anayebeba mizigo safarini, hamali.
Ngawira: mali au vitu vilivyotekwa vitani.
Kusalimu amri: kukubali kushindwa na kuweka silaha chini.
Masalio: vitu au mambo yaliyobaki kutoka zamani.
Msanifu majengo: mtaalamu anayechora ramani za majengo.

MASWALI

1. Sanamu ya Wissmann ilimweka Mwafrika wapi? Sanamu ya mwaka 1927 ilimweka wapi?
2. Kwa nini majeshi yalihitaji wapagazi wengi kuliko askari?
3. Mpagazi amebeba kilo 25 na anakula kilo moja kwa siku. Akitembea siku 8 kwenda na siku 8 kurudi, atafikisha kilo ngapi kwa askari?
4. Jina la Kariakoo limetoka wapi?
5. Taja hasara mbili za mtu kutoandikwa jina lake.

YA KUZUNGUMZA DARASANI

Gawanyikeni makundi mawili. Kundi la kwanza liseme kwa nini Sanamu ya Askari ibaki mahali pake. Kundi la pili liseme kwa nini iondolewe au ihamishwe. Kisha wote kwa pamoja mjadili: kama ukumbusho mpya ungewekwa, nani asimame juu yake, na majina gani yaandikwe?

ZOEZI LA NYUMBANI

Andika jina la baba wa babu yako na mama wa bibi yako. Chini ya kila jina andika sentensi tatu juu ya maisha yake. Kama hujui, usilale leo kabla ya kumwuliza anayejua.